Kahawa Kwanza, Fomu Baadaye

Khole alikuwa na siku tatu tu. Ilikuwa mwaka 1989, na daktari mkuu wa hospitali mpya ya barabara ya Mudhaibi, Omani, keshamwambia kwa upole: ikifika Alkhamisi majina hayajatimia kumi, meza yake ya ahadi itaondoka, pawekwe mizani ya watoto.

Ahadi yenyewe ilikuwa mtu kujiandikisha kwamba akifa, figo zake au vioo vya macho yake wapewe wagonjwa. Khole, karani wa mapokezi, aliiomba meza ile mwenyewe. Mdogo wake Hamda alikuwa akipelekwa Maskati mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, na kila akirudi hana hata nguvu ya kubishana, yeye aliyekuwa haachi neno lipite.

Mpaka siku ile majina yalikuwa mawili: la Khole, na la Hamda, aliyesema figo zake hazina kazi lakini macho anayo.

Bibi Wadha akaingia na kikapu chake, amekuja kumtazama mzazi aliyejifungua usiku. Katika nyumba zote za watu wa Unguja pale mjini, habari haikuenea mpaka ipite kwake kwanza. Khole akamwamkia shikamoo, akamsogezea fomu na kalamu. Bibi akaitazama fomu kama samaki aliyelala tangu jana.

"Marahaba. Ndivyo alivyokufunza mama yako kule Unguja, Vuga? Mgeni hajakaa, hajaulizwa habari, ushampa karatasi ya kufa?"

Khole akaona haya mpaka masikioni. Miaka mitano ya ofisi ilikuwa imemsahaulisha adabu za mgeni.

Kesho yake akaihamishia meza chumba cha wageni wanawake, akaweka chupa ya kahawa, tende na halua. Fomu akazificha chini ya sinia. Wageni wakakaa, wakaulizana habari, wakamaliza habari za harusi ya Izki na talaka ya Nizwa, na mazungumzo yakafika yenyewe kwa Hamda. Hapo Khole akaeleza. Wakauliza, akajibu, asichokijua akamwita daktari. Mgeni mmoja, Turkiya, akatia saini, wakafuata wengine, kila mmoja akiagizwa akawaambie wa nyumbani kwake.

Alkhamisi adhuhuri majina yalikuwa tisa. Bibi Wadha alikuwa kwenye kikombe cha saba. Kwa desturi ya kule, kikombe kisipotikiswa hujazwa tena, na yeye hakitikisi. Khole akajaza cha nane.

"Nina neno," Bibi akasema mwishowe. "Watanicheleweshea maziko?"

"Hapana, bibi. Kazi yao ya saa chache. Unashonwa vizuri, unaoshwa na kukafiniwa kama watu wote."

"Na macho haya? Hata sindano siitungi."

Daktari, aliyeitwa tena, akasema kioo cha mbele cha jicho huenda ni kizima, hata kwa mvaa miwani.

Bibi akafikiri. "Basi atakayeyapata asikae ndani. Macho haya yamezoea barazani."

Chumba kizima kikacheka. Bibi akatikisa kikombe, akatia saini, kisha akainua sinia, akazoa fomu zote zilizobaki na kuzitumbukiza kikapuni.

"Bibi, hizo za hospitali," Khole akasema.

"Najua. Jioni nina arusi Ibra, kesho matanga Sur. Wewe niletee nyingine Jumamosi."

Meza ikabaki. Mizani ya watoto ikawekwa ukumbini.