Tonge Lisilozidi Koo

Dereva alimteremsha mzee kama ateremshavyo friji bovu: alimshika kwapani, akamwegemeza kwenye fremu ya mlango, akahakikisha haanguki, ndipo akauliza kama hapo ni kwa fundi wa mafriji.

"Ndipo," alijibu fundi. "Lakini huyo sijamwagiza."

"Ni babako. Mwanamke aliyekuwa akiishi naye amesema amechoka. Nimeambiwa nimlete, sikuambiwa nimrudishe."

Fundi alimtazama mgeni. Kiharusi kilikuwa kimemvuta mdomo upande mmoja, mithili ya pazia lililokatika kamba. Hakuwa amemtia machoni tangu alipokuwa mtoto wa miaka saba. Aliitafuta hasira aliyoiweka akiba miaka yote hiyo, akaikuta mahali pake, haijachacha hata kidogo.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Bibie kula.

Bibie alikuwa chatu wa kufugwa, aliyelelewa na fundi tangu akiwa mwembamba kama kalamu. Katika kumlisha, fundi hakuwa na mzaha. Alipokuwa mchanga alimpa kitoto cha panya kila wiki. Alipokomaa, panya mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu, asiyezidi unene wa tumbo la Bibie mwenyewe. Panya alitoka kwenye friza akiwa amekwisha kufa, akalowekwa katika maji ya vuguvugu mpaka barafu imtoke, akakaushwa kwa kitambaa, kisha akanyooshwa kwa koleo refu. Baada ya hapo fundi hakumgusa nyoka wake kwa siku mbili. Aliyeshiba hasumbuliwi.

Lakini jioni ile, mawazo yakiwa kwa mgeni, hakupima. Alichomoa panya wa kwanza aliyemfikia, dume lenye tumbo pana kuliko la Bibie. Bibie alijitahidi, taya zikapanuka kupita kiasi, akalimeza. Siku ya pili yake akalitapika.

Tangu hapo hakula tena. Fundi alingoja tumbo lipoe, akamjaribu kwa panya mdogo, halafu mdogo zaidi. Kila mara Bibie aligeuza kichwa. Miezi ilipita, uti wa mgongo ukaanza kuchomoza chini ya ngozi kama mshono uliokazwa mno. Fundi hakujilaumu. Lawama zake alikuwa na pa kuzipeleka.

Mzee alilazwa katika chumba cha Bibie, eti kwa kuwa ndicho chenye joto. Kitanda kilielekezwa kwenye sanduku la kioo alimokaa nyoka. Naye mzee, fundi alikumbuka vizuri, alikuwa mtu wa kuogopa hata mjusi.

Mchana mzee alilishwa na mke wa fundi, aliyekuwa akishona nguo palepale nyumbani. Jioni ilikuwa zamu ya mumewe. Jioni moja mke alikuwa akipita na nguo mkononi, akasikia sauti, akasimama mlangoni.

"Sita," mumewe alikuwa akihesabu. "Saba. Nane."

Mzee alikuwa na kiazi mdomoni, kikubwa kama yai. Alikisukuma kwa ulimi usiotii, macho yakamtoka, akapaliwa. Ilipofika kumi, fundi aliondoa sahani.

"Muda umekwisha. Anayechelewa amekataa."

Maneno hayo alikuwa akiyarudisha kwa mwenyewe. Zamani baba ndiye aliyehesabu, mkanda ukiwa mezani kando ya chumvi. Kisha alivuta sahani ya mwanawe na kula kilichobaki, mtoto akitazama. Ndivyo mtoto alivyojifunza kumeza bila kutafuna. Hata sasa, utu uzima wote huu, alimaliza chakula kabla hajajua kama ni kitamu.

Mke alimpiga mzee mgongoni mpaka kiazi kikatoka. Alimfuta mdomo, akamlaza vizuri, kisha akamvuta mumewe hadi jikoni.

"Panya wa Bibie unampima kwa rula. Babako unamshindilia kiazi kizima?"

"Bibie hakunikimbia."

"Bibie hana miguu. Angekuwa nayo, kwa ulivyomlisha mara ya mwisho, saa hizi angekuwa keshavuka mpaka."

Fundi nusura acheke, akakumbuka kuwa amekasirika. "Wewe humjui yule mtu."

"Simjui," alisema mkewe. "Nilidhani wewe ndiye ninayekujua."

Asubuhi yake zikaja habari kwamba dada yake mke amejifungua kwa shida, anahitaji mtu wa kumwuguza. Mke alifunga mkoba, akasimama mbele ya mumewe.

"Uji mwepesi. Kijiko cha chai, siyo mwiko. Akimeza, subiri, ndipo uongeze. Usihesabu. Na ukishaanza usiinuke mpaka amalize. Akikuona unainuka anadhani sahani inaondoka. Niahidi."

"Haya, nimesikia."

"Sikuuliza kama una masikio."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nakuahidi. Nakuahidi wewe, siyo yeye."

Jioni hiyo alimloweka panya mdogo katika beseni karibu na mlango, amjaribu tena Bibie baadaye. Kisha akaketi kitandani na bakuli la uji.

Hesabu ilimpanda kooni yenyewe, akaiuma. Mzee alikitazama kijiko kama mtu atazamaye mtego, akamtazama mwanawe, akakitazama tena. Fundi alihisi kitu kitamu kikimtambaa kifuani. Ilikuwa raha ya kuogopwa. Hapo akatambua jambo ambalo hakuwahi kutaka kulijua: baba hakuwa na hasira jioni zile za zamani. Alikuwa akistarehe.

Kijiko kilikuwa bado hewani Bibie alipotoka chini ya gome la mti alikojifichia ndani ya sanduku lake.

Kwanza kichwa, halafu shingo iliyokunjika kama upinde uliovutwa. Ulimi ulionja hewa upesiupesi. Miezi yote hii fundi alikuwa akiomba kuliona umbo hilo la njaa. Panya alikuwa na joto la kutosha sasa hivi, na joto hilo lisingengoja; akipoa, Bibie angegeuza kichwa, na kwa jinsi alivyokonda, huenda asingetoka mara nyingine.

Fundi aliweka mkono gotini ili ainuke.

Mzee aliuona mkono. Alikinyaka kijiko kwa meno, akavuta uji wote kwa pupa, shavu likamtuna, koo likaanza kukoroma.

Fundi akabaki ameketi. Bakuli lilikuwa bado nusu.

"Taratibu," alisema, na sauti yake haikuwa na upole. "Usidhani nimekusamehe. Meza taratibu."

Koo la mzee lilipanda, likashuka. Fundi alingoja. Akachota kingine, akangoja tena. Katika beseni maji yalikuwa yamekwisha kupoa. Nyuma ya kioo shingo ililegea, na Bibie akaanza kurudi chini ya gome lake, pindo baada ya pindo, mgongo wake uliochongoka ukikwaruza mbao. Fundi aliusikiliza mkwaruzo ule mpaka ukakoma. Hakugeuka.

"Ba... do?" mzee aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aletwe.

Fundi aliinamisha bakuli ili aone ndani.

"Bado upo."

Alikikung'uta kijiko ukingoni kisichuruzike, akangoja mdomo ufunguke.