Zakaria Mwingine

Mimi ni dobi, kwa hiyo habari za kinyaa mtu asinifundishe. Nimefua mashuka ya wagonjwa. Nimesugua kola za mabwana wanaonukia manukato ya bei mbaya na shingo hazijaona maji tangu wiki iliyopita. Nimetoa mifukoni mwa watu vitu ambavyo nikivitaja hapa utaacha kula. Na kote huko sijawahi kutapika. Siku niliyokaribia kutapika ilikuwa Jumapili moja, sebuleni kwa mdogo wangu, watu wamevaa vizuri, wamekaa kwenye makochi, wanamchagulia mtoto mchanga jina.

Ngoja niwaweke sawa. Mama yetu ni mjane. Anaishi kwa mdogo wangu wa kiume, ambaye baada yangu mimi ndiye mtoto wake pekee. Mdogo wangu ameoa, na wifi yangu ni mtu mzuri, simsingizii, ila aliingia kwetu baba ameshazikwa, kwa hiyo alichonacho ni picha ya ukutani tu: mzee mwenye kofia anayetabasamu. Basi wifi akajifungua mtoto wa kiume. Mama alifurahi mpaka akawa anaimba jikoni, mama ambaye sijawahi kumsikia akiimba.

Furaha ile haikukaa. Asubuhi moja alinijia dukani. Hakusalimia vizuri, akaketi kwenye kiti cha wateja, akavuta shati moja kwenye rundo akaanza kukunja, maana mama hawezi kukaa bure.

"Nasikia wanataka kumpa jina la mzee," akasema.

"Nani kasema?"

"Baba yako mdogo kapiga simu. Wanakuja Jumapili."

Nikaweka pasi chini. Akakunja shati la pili, la tatu, ndipo akasema, bila kuniangalia, "Mwanangu, wampe jina lolote. Wakitaka wamwite Jiwe. Ila hilo hapana. Tangu azikwe, kwenye nyumba ile halitajwi. Ndiyo maana napata usingizi."

Nilimwambia, "Mama, hilo niachie mimi. Halipiti." Nilisema hivyo na pasi imeshaanza kuunguza kitambaa.

Jina lenyewe ni Zakaria. Baba yetu aliitwa hivyo, na kwa watu wa nje alikuwa mtu wa watu kwelikweli. Alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha mbao. Ndugu akija hana kazi, baba anamwingiza. Akiingia tu, mtoto wake atakayefuata ni Zakaria. Ndivyo jina lilivyosambaa ukoo mzima kama upele. Tunaye Mnene, tunaye Kengeza, tunaye wa Gereji, tunaye mmoja aliyehamia mbali akajibadilisha jina, na huyo simlaumu. Ukiita "Zakaria!" msibani, nusu ya watu wanageuka. Kila mmoja wa hao ni shukrani ya mtu kwa baba yangu. Shukrani zote zilikwenda nje. Ndani kwetu zilibaki ngumi. Sikio la kushoto la mama halisikii, na hakuzaliwa nalo hivyo.

Hayo ukoo mzima unayajua. Sijawaambia jipya, na wala sikuwa na haja ya kuwaambia. Mtu ukishapewa kazi na shetani, unajifunza kuangalia pembeni.

Jumapili wakaja. Baba mdogo ndiye aliyekalia kiti kikubwa. Ni mdogo wa baba wa tumbo moja, na sisi watoto tulimpachika jina la Spika kwa sababu akishika neno halirudi. Alikuwa amemaliza kula nyama, anachokonoa meno kwa njiti, na alichokitoa anakitazama kwanza kabla ya kukirudisha mdomoni. Kisha kidole anakifuta kwenye kitambaa cha kochi. Kitambaa nilikifua mimi kwa mkono wangu, nikakitia wanga.

"Jina hili," akaanza, "si la mchezo. Asili yake ni kwa Waebrania. Maana yake ni Mungu amekumbuka. Mnasikia? Mungu amekumbuka! Waarabu nao wanalo, Zakariya. Wagiriki wakaliongezea s mwishoni. Manabii wamelibeba, makuhani wamelibeba. Limevuka majangwa kwa miguu ya ngamia, limevuka bahari kwa wafanyabiashara, likapita mikononi mwa wahubiri wa kila dini, likafika mpaka hapa kwetu. Mwislamu analiita, Mkristo analiita, Myahudi analiita. Jina gani lingine watu wa dini zote wanaitikia? Halafu leo sisi tulikatie mzizi?"

"Haiwezekani!" wakaitikia Mnene na wa Gereji, ambao kama ungewauliza Waebrania ni kina nani wangekuonyesha mlango wa jirani.

Mimi nikasema, "Baba mdogo, samahani. Huyo Zakaria wa zamani unayemsema, mtoto wake aliitwa nani?"

Akanitazama na njiti mdomoni.

"Aliitwa Yahya," nikasema. "Wengine wanasema Yohana. Ndugu walitaka aitwe Zakaria kama baba yake, na mama yake akakataa. Kila mtoto aliyepita madrasa au kanisani analijua hilo jina la mtoto. Hata Zakaria mwenyewe hakumpa mwanawe jina lake. Sisi tuna uchungu nalo kuliko yeye?"

Nilidhani nimewabana. Wapi! Walicheka. Baba mdogo alicheka mpaka njiti ikamtoka ikaanguka kwenye zulia, akasema, "Dobi wetu bwana! Anafua mpaka historia!" Wakacheka tena. Kukiwa na kicheko cha namna hiyo chumbani, hoja haina pa kusimama.

Nikamfuata mdogo wangu ukumbini, alikokwenda kuchukua soda. Nikamshika mkono.

"Mama hataki. Kaniambia kwa mdomo wake."

"Mbona mimi hajaniambia?"

"Wewe unajua kwa nini hajakwambia. Usijifanye mgeni, ulikuwepo."

"Nilikuwa mdogo, dada. Mimi sikumbuki chochote."

"Chochote?"

"Chochote." Alikuwa anaangalia chupa. "Dada, kila ninakokwenda mtu mzima ananishika bega ananiambia, baba yako alikuwa mtu. Wote. Wewe peke yako ndiye unaniletea huyo mwingine. Sasa mimi nimchukue yupi?"

"Mchukue mama."

Akaizungusha chupa mkononi. Nikaona kidogo tu atasema sawa. Kisha akapanga chupa vizuri kwenye sinia, akasema, "Ni jina tu," akarudi sebuleni. Nilibaki nimesimama pale, nanuka jasho langu mwenyewe.

Walipofika mwisho, baba mdogo akajifanya mtu wa haki. "Tumuulize na shemeji," akasema. Shemeji ni mama. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni amesimama, kwa sababu makochi yote yalikuwa yamejaa watu waliokuja kuamua mambo ya nyumba anayokaa. "Shemeji, wewe unasemaje?"

Vichwa vyote vikageuka. Mama hajawahi kulitamka jina lile. Wanawake wa umri wake hawakuwaita waume zao kwa majina. Alimwita Mzee, basi. Akageuza sikio zima upande wao, akauliza, "Eti?"

"Jina, shemeji! Jina!"

Aliniangalia mimi. Kisha akamwangalia mwanawe, na mwanawe akawa anafungua soda.

"Mtoto ni wenu," akasema mama.

"Umeona? Kabariki!" Baba mdogo akapiga makofi. "Shemeji, usihuzunike tena. Umekaa mjane weee, sasa mumeo huyo karudi, tena kijana!"

Wakaangua kicheko. Huo ni utani wa kawaida, najua. Bibi na mjukuu wa kiume wanaitana mume na mke nyumba zote, hakuna ubaya. Lakini mimi nilitazama midomo ile ilivyofunguka, mafuta ya nyama yanang'aa, meno yako nje, na mama katikati anatabasamu kwa adabu kwa sababu wageni wanacheka, na chakula changu kikapanda mpaka kooni. Nilitoka nje. Niliinama penye mfereji wa maji machafu, na naapa mfereji ulinuka afadhali.

Jina likapita. Mtoto akawa Zakaria.

Mwezi wa kwanza nilijipa moyo kwamba labda mimi ndiye mwenye roho mbaya. Mama alimwogesha mtoto, alimbeba, alimbembeleza. Alimwita "mgeni." "Mgeni kaamka," "mgeni ana njaa." Wifi, maskini, yeye alilipenda jina, akawa anaita kutwa: Zakaria wangu, Zakaria kakojoa, Zakaria kakasirika leo, hataki mtu. Na kila likitajwa, mama ananyanyuka kutafuta kitu cha kufanya. Alianza kukonda. Nguo zake ninazifua mimi, nilikuwa nakaza viuno vya sketi zake bila kumwambia. Nilipomwambia mdogo wangu, alisema ni umri.

Basi siku moja mchana nilipeleka mapazia yao niliyoyafua. Mdogo wangu alikuwa nyumbani, anakula mezani jikoni. Mama alikuwa anakaanga vitunguu, redio imewashwa, mtu anatangaza mpira. Mimi nilikuwa juu ya kigoda napachika pazia la dirishani, namkejeli mdogo wangu kwamba timu yake inacheza kama watu waliovaa kanga zilizolowa. Anacheka na tonge mdomoni. Wallahi ilikuwa mchana mzuri.

Mlango wa mbele ukagongwa. Wifi alikuwa karudi kutoka kliniki na mtoto, mikono imejaa, hawezi kufungua. Akapiga mlango kwa mguu, mara mbili, kwa nguvu, akaita kwa sauti ya mzaha, sauti nzito ya kiume aliyoitoa tumboni:

"Fungueni! Zakaria karudi!"

Sikuona mwenyewe nilivyoshuka kwenye kigoda. Nilichokiona ni kwamba redio ilikuwa imezimwa, na mkono juu ya kitufe ulikuwa wangu. Kisu cha vitunguu hakikuwepo tena mezani. Mama alikuwa amekiingiza kwenye droo na kuifunga. Sufuria alikuwa ameiepua. Alikuwa amesimama ameegemea ukuta, mikono imefunikana mbele, kichwa chini, lile sikio zima amelielekeza ukutani.

Na mdogo wangu hakuwa mezani. Sahani ilikuwa inazunguka bado. Mwanaume mzima, ana ndevu, ana mke, alikuwa amejibanza kati ya kabati na ukuta, magoti kifuani, kiganja kimeziba mdomo, ili tonge lisitoe sauti.

Tukatazamana, mimi na yeye. Machozi yalikuwa yanampita vidoleni, na bado hakuondoa mkono. Mtu asiyekumbuka chochote.

"Jamani, hamko?" Wifi akafaulu kuusukuma mlango kwa kiwiko, akaingia mpaka jikoni anahema, mtoto begani, mfuko wa kliniki unaning'inia mkononi. Akatuona. Mimi nimesimama wima kando ya redio, mama ukutani, mumewe haonekani alipo. Mtoto akainua kichwa, akatutazama kwa macho yake makubwa.

Mama hakuinua kichwa. Alipiga goti kidogo, kama alivyompokea baba kila jioni miaka yote ile tuliyokuwa tukihesabu pumzi, akasema kwa sauti ndogo, ya adabu sana:

"Shikamoo."

Wifi akacheka, akajua ni utani wa bibi na mume wake. Akaushika mkono mdogo wa mtoto, akaupungia kuelekea kwa mama, akaikaza tena ile sauti nzito.

"Marahaba," akamjibia.