Alama za Upande Mmoja

Mtu akiniomba nimchagulie pikipiki iliyotumika, kwanza humwambia aniletee ile anayoiacha. Watu hucheka. Mwenye yadi ya magari, ambaye tunajuana siku nyingi, husema mimi nachunguza kama mshenga anayetaka kujua mpaka tabia za bibi yake bibi harusi. Lakini pikipiki ya zamani haimfichi mwenyewe. Ukitazama pedi za breki utajua kama ana papara. Ukifungua klachi utajua kama ana mkono mzito. Tairi la nyuma likiisha katikati tu, ujue huyo kona anaziogopa. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa kuharibu pia, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliposema anataka pikipiki kubwa ya safari ndefu, nilimwomba alete ile yake ndogo nikae nayo siku mbili.

"Unataka kuihoji?" aliniuliza. "Haina siri hiyo. Mimi na yeye ni ndoa ya miaka kumi na tisa."

"Ndiyo maana nataka nisikie na upande wake."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa mpima ardhi hadi alipostaafu, na watu wote walimwita Dira, kwa sababu hakuwahi kupotea njia hata porini. Binti yao ameolewa mbali, mwendo wa siku mbili, na alikuwa amejifungua mapacha. Dira alitaka wawe wanakwenda kila baada ya miezi miwili, yeye mbele, dada yangu nyuma, mizigo kwenye masanduku ya pembeni. Alitaka aina ile yenye nguvu ya pikipiki ya mbio lakini dereva anakaa wima, mgongo haumuumi safarini, na abiria naye ana kiti cha maana. Lilikuwa ombi la busara. Kwenye yadi zilikuwapo mbili za namna hiyo, moja nyekundu na moja ya kijivu.

Asubuhi niliipandisha ile ndogo kwenye stendi ya kati. Upande wa kulia ulikuwa safi. Mkono wa breki umenyooka, indiketa ni zile zile za kiwandani, tangi linang'aa. Nikazunguka kushoto. Mkono wa klachi ulikuwa umekatika ncha. Indiketa ya mbele ilishikiliwa kwa utepe mweusi. Kioo cha pembeni hakikuwa cha pikipiki ile, na kilikuwa kimegeuzwa nje kupita kiasi, hata hakingeweza kumwonyesha dereva kinachokuja nyuma.

Nikajiambia: ilianguka. Stendi ya pembeni iko kushoto, ardhi ikilainika pikipiki hulalia huko. Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nati ikikataa siipigi nyundo, naitia mafuta na kungoja. Lakini pikipiki iliyoanguka hubaki na udongo, au mchubuko wa saruji. Nilichukua taa nikapiga magoti. Kwenye chuma cha kukinga mguu kulikuwa na rangi ya kijani. Juu ya kijani, chokaa nyeupe. Juu ya chokaa, mstari wa njano.

Kijani nilikijua, ni geti lao, nililichomelea mimi mwenyewe. Chokaa ni ya ukuta wa jirani yao. Njano sikujua imetoka wapi. Ilikuwa mpya kuliko zote.

Walikuja wote wawili kuichukua siku ya pili mchana. Dira alikuwa amevaa jaketi lake la safari, na dada, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amelishonea kiraka cha ngozi begani. Bega la kushoto tu. Kushona kwenyewe kulikuwa kwa makini, mishono miwili miwili, kama kitu kilichokusudiwa kudumu.

"Dada, hicho kiraka cha nini?"

"Kitambaa kilichakaa."

"Bega moja tu ndilo lililochakaa?"

"Mdogo wangu, we shughulika na spana zako. Sindano niachie mimi."

Niliwamiminia chai. Kikombe cha Dira nilikiweka kwenye benchi, kushoto kwake, karibu na kiwiko. Alinyoosha shingo akatazama meza, akatazama mikono yangu.

"Yangu iko wapi? Au leo kwa fundi tunakunywa maneno?"

Dada alikuwa anazungumza nami habari za mapacha. Hakukatiza hata sentensi. Alipeleka mkono, akakisogeza kikombe mpaka kulia kwa mumewe, akaendelea kuzungumza. Alifanya hivyo kama mtu anayejifukuzia nzi. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimeshaona pikipiki zilizoua watu, zimeletwa kwangu zikiwa zimekunjwa kama karatasi, na sikuwahi kuogopa kama nilivyokiogopa kile kikombe.

Ningesema pale pale. Sikusema. Nilitaka kuwa na uhakika, na nikajipangia kwamba kesho, kwenye yadi, kabla ya lolote, nitamvuta shemeji pembeni tuongee wawili.

Kesho yake nilianza na nyekundu. Ilikuwa nzuri ya kuvutia macho, na mwenye yadi alikuwa ameipangusa hadi kwenye mnyororo. Nilisoma tarehe ya matairi ubavuni. Nilizungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nikahisi beringi ya shingoni ikikwama kidogo pale katikati, mahali ambapo usukani hukaa mtu akiwa anakwenda moja kwa moja. Nikafuata fremu kwa kidole. Chini ya shingo rangi ilikuwa nene kuliko kwingine, na kizuizi cha usukani kilikuwa kimechomelewa upya.

"Fundi, hata mkwe hakaguliwi hivyo," mwenye yadi alisema. "Utamtia aibu mtoto wa watu."

"Huyu mtoto wa watu alishagonga ukuta," nilisema. "Fremu imenyooshwa. Ukiipa kasi na mizigo, usukani utaanza kutetemeka."

"Mimi nimeinunua hivyo hivyo, sikuichungulia shingoni."

Ya kijivu ilikuwa imetembea zaidi, kiti na masanduku ya pembeni vimefifia, lakini haikuwa na uongo. Mafuta ya injini ya rangi ya asali, meno ya sproketi hayajachongoka, fremu haijaguswa. Niliiwasha, nikaiacha iungurume taratibu ili ipate moto, nikawaambia wapande wote wawili wajaribu kukaa.

Dira alikaa kama aliyezaliwa juu yake. Dada akapanda nyuma. Kiti cha abiria kilikuwa kipana, kimeinuliwa, na nyuma kina egemeo. Nilimwona akinyoosha mkono wa kushoto kuelekea bega la mumewe. Vidole viliishia hewani. Akajisogeza mbele, akateleza, akarudi. Akashuka, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya gari moja bovu.

"Chukua nyekundu," alisema.

"Nyekundu itawaua, dada. Umenisikia nilivyomwambia."

"Kiti chake kiko karibu na dereva. Kwenye ile ya kijivu simfikii begani."

"Begani kuna nini?"

Alinitazama machoni. Dada yangu alinilea. Si mtu wa kuangalia chini.

"Umekaa na pikipiki yake siku mbili," alisema. "Usiniulize kitu unachokijua."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini. Tangu mvua zilizopita. Mumewe aliumwa kichwa siku mbili, alipopata nafuu ulimwengu wa kushoto ulikuwa umefutika, macho yote mawili, kama ukurasa uliochanwa nusu. Daktari alimwambia asiendeshe hata baiskeli. Karatasi ya daktari aliikunja, akaitia ndani ya redio iliyokufa, akamwambia mkewe kuwa mpima ardhi aliyestaafu bila pikipiki ni maiti anayengoja sanda. Basi wakatengeneza lugha yao. Dada akimgonga begani mara moja, kushoto kuna mtu. Mara mbili, kuna gari. Akilikamata bega kwa nguvu, simama.

"Na ile rangi ya njano?"

"Meza ya muuza matunda. Hakuumia mtu."

"Dada."

"Miezi saba mimi ndiye jicho lake la kushoto. Kuna mtu tumemuua?"

"Na ukisinzia? Siku mbili barabarani?"

"Sisinzii," alisema. Nikaona jinsi macho yake yalivyokuwa mekundu, na jinsi nilivyokuwa nikiyaona hivyo miezi yote hiyo na kudhani ni kazi ya cherehani.

"Nyie!" Dira alituita akiwa juu ya pikipiki. "Mnagawana urithi huko? Sijafa bado!"

Tukarudi. Bado nilikuwa na nia ya kumvuta pembeni. Lakini mwenye yadi alikuwa amechoka kungoja, vijana wake wawili waoshaji walikuwa wameacha ndoo wanasikiliza, na yeye akapiga makofi akasema, "Haya fundi, toa hukumu. Nyekundu au kijivu?"

Dira naye akanitazama, akageuza uso wote ili anione, kwa kuwa nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Ule mgeuko wa shingo ulinichoma. Neno likanitoka.

"Hakuna. Shemeji, wewe upande wa kushoto huoni."

Injini peke yake ndiyo iliyokuwa ikiunguruma. Mwenye yadi alitazama viatu vyake.

"Nani kakwambia?" Dira aliuliza. Hakumtazama mkewe.

"Pikipiki yako."

"Pikipiki yangu." Alicheka kidogo. "Sasa unasikiliza vyuma, bwana mdogo?"

Hapo yangeweza kuishia. Angeshuka, tungekwenda nyumbani, angenuna mwezi mzima. Lakini mwoshaji mmoja, mwepesi wa ulimi, akainua mkono kule kushoto akasema, "Mzee, hivi vidole vingapi?" Na mwenzake akacheka.

Mtu mzima havuliwi nguo mbele ya watu. Nilijua hivyo tangu utotoni, na nilikuwa nimemvua mimi, kijana wa watu alizipokea tu. Uso wa Dira ulitulia kabisa. Alikunja stendi kwa kisigino.

"Shuka," dada alisema. "Baba watoto, shuka. Ngoja basi nipande."

"Ufanye nini huko nyuma? Mimi mzigo wangu naubeba mwenyewe."

Akaingiza gia. Nilirukia ufunguo, vidole vyangu vikagusa tangi tu. Alipita getini akakata kushoto, na dada akakimbia nyuma yake hatua kumi, mkono wa kushoto umenyooka mbele kana kwamba bega bado lilikuwa pale.

Tulisimama tukisikiliza. Alipandisha gia vizuri, moja baada ya nyingine, bila kuilazimisha injini. Alikuwa dereva mzuri, hilo hakuna atakayemnyima. Sauti ilikwenda hadi kwenye mzunguko wa barabara, ikashuka, ikageuka, ikaanza kurudi. Dada alikuwa ananihesabia pumzi zangu kwa kuniminya kifundo cha mkono. Hakuna breki iliyolia. Hakuna kishindo.

Akaingia getini akitabasamu. Alisimama mbele yetu, akazima injini.

"Mmeona?" alisema. "Mpaka mzunguko na kurudi. Barabara tupu. Nani kipofu hapa?"

Mwenye yadi akapiga makofi. Waoshaji nao wakapiga. Dada alikaa chini juu ya tairi bovu, akafunika uso, mabega yakimtikisika kwa nafuu. Hata mimi nilitaka kupiga makofi. Nikazunguka kushoto.

Sanduku la upande ule lilikuwa na mchubuko mrefu, mpya, plastiki bado imenyanyuka nyuzi nyuzi. Kati ya sanduku na chuma chake kulikuwa kumebanwa kitu cheusi. Nilikivuta. Kilikuwa mpira wa kushikia wa baiskeli, ule unaovishwa kwenye ncha ya usukani, umechomoka mzima, na bado una joto la mkono.

Nilimwekea Dira kiganjani, kiganja cha kulia.

"Hiki nini?"

"Umempita nani, shemeji?"

"Nimekwambia barabara ilikuwa tupu." Na hakuwa akidanganya. Aliugeuza ule mpira, akaugeuza tena, tabasamu likimwacha polepole. "Sikusikia kitu," alisema. "Upepo tu. Sikusikia."

Dada alikuwa ameshasimama. "Wapi?" alimwuliza. "Kwenda au kurudi?"

Dira aliutazama mpira tena. Kwake upande ule haukuwa na kwenda wala kurudi.

Basi tukagawana. Dada alivuka barabara akashika upande wa kurudi, karibu anakimbia, kitenge amekikamata mkononi. Mimi nikashika upande wa kwenda, nikitazama majani ya ukingoni, nikitazama mtaro. Nyuma yangu nilimsikia Dira akiniita kwa jina nililoitwa nilipokuwa mtoto, akiomba asubiriwe. Sikugeuka. Mbele, karibu na nguzo ya pili ya umeme, watu wawili walikuwa wamesimama wakitazama chini mtaroni, na wa tatu alikuwa anavua shati lake.