Dhahabu ya Mjomba Dadi
Jumamosi saa nne asubuhi Fidahussein, sonara wa karibu na soko la Morogoro, alitandika kitambaa cheusi juu ya kioo cha kaunta, akaweka pete mbili, moja ya fedha na moja ya dhahabu. Mbele yake alisimama Mwanvita, binti wa Kinole kwenye milima ya Uluguru, na mchumba wake Luqmani, mchuuzi wa matunda. Luqmani alikuwa ameshachukua yake ya fedha, maana Mwislamu mwanamume havai dhahabu na hapo hakuna mjadala. Bi Raya, mama yake Mwanvita, alikaa kwenye benchi na mkoba mapajani. Ndoa ingefungwa Ijumaa iliyofuata.

"Chagua, binti," alisema Fidahussein. "Ya fedha ni ya dukani. Ya dhahabu nimeifua kwa kile kipande mlicholeta."

Kipande kilikuwa zawadi ya mjomba Dadi, kaka yake Bi Raya. Uluguru shamba ni la ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Arusi isiyo na neno lake haipo, hata shehe analijua hilo. Mjomba alikitoa mbele ya watu kikiwa kwenye karatasi ya dawa, akasema amekinunua kwa mpita njia, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka wakachoka.

Mwanvita akajaribu ya fedha. Ilimkaa vizuri. Akaivua, akavaa ya dhahabu, nayo ikaanza kutoa maji.

Yalitoka kama yanavyotoka kwenye birika, taratibu bila kukatika. Fidahussein alisogeza kitabu cha risiti, akaleta bakuli. Alipoivaa yeye, pete ilikuwa kavu. Bi Raya alipoivaa, kavu vilevile. Ikirudi kwa Mwanvita, maji.

"Dhahabu huwa inafanya hivi?" Luqmani aliuliza.

"Ya mtoni, mara mojamoja. Mwaka juzi nilifua moja ikawa inatoa dagaa. Mwenyewe hakulalamika."

Bi Raya alichovya kidole kwenye bakuli akaonja, kisha akaonja tena. Yalikuwa maji ya chemchemi yake, yenye ule ukakasi wa mizizi ya midalasini. Chemchemi hiyo ilikuwa juu ya shamba, na ilikauka miezi minane iliyopita. Mjomba alipanda kuikagua, akarudi kusema mvua zimekuwa haba na kwamba ameifunga njia kwa sababu ya maporomoko. Injini iliyosikika kule juu, alisema, ni ya watu wa mbao. Tangu siku hiyo Bi Raya alikuwa anateremka bondeni na ndoo, magoti yakimuuma, na pilipili manga zake zilikuwa zimebaki kamba tupu.

"Kaka yangu kawapa wachimbaji chemchemi yetu," alisema, kwa sauti ileile ya kusema unga umekwisha.

Mwanvita alipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Pete ile ilikuwa imetoka kwenye shamba lao wenyewe, na yeye alikuwa amemshukuru mjomba kwa magoti mawili.

"Tukamweleze," alisema Luqmani.

"Ukimweleza, Ijumaa haji," alisema Bi Raya. " Asipokuja, ndoa hamna. Tumshtaki kikaoni? Kikao anakiita yeye."

Luqmani alimgeukia Mwanvita. "Basi chukua ya fedha. Nyumbani kwangu Bigwa bomba liko mpaka jikoni."

Ilikuwa kweli. Mwanvita alikuwa ameshachagua mapazia ya nyumba ile, na jiko lile alikuwa analitamani hadi kuliota. Angevaa fedha, Ijumaa jioni angelala Bigwa na mama yake angebaki na ndoo.

"Vaa ya fedha uende zako, mwanangu," alisema Bi Raya.

"Na magoti yako, mama?"

"Magoti yangu yanakuhusu nini?"

Mwanvita alimuuliza Fidahussein kama ya dhahabu itadumu.

"Hiyo? Wajukuu zako watairithi."

"Basi ya fedha irudishe kabatini."

Luqmani aliomba mfuko wa plastiki wa kumfunga mchumba wake mkono, wasije wakalowesha abiria njiani.

Ijumaa mjomba Dadi alikuja na kanzu mpya, akausifu ukoo kwa maneno mazuri. Maji yalipofika kwenye mikeka watu walikunja miguu. Shehe alisema bibi arusi hatakuwa na taabu ya udhu.

Sasa Mwanvita anakaa Kinole, kwenye kigoda, kichwani mwa shamba. Kidole kimesinyaa. Luqmani hupanda Alhamisi na kushuka Jumamosi na mzigo wa machungwa. Mapazia ya Bigwa aliyatundika wifi yake, Pili. Pilipili manga zimeshika tena, na Bi Raya habebi ndoo. Kule juu injini zimekuwa mbili.

Nyumba ya mjomba nayo ilikuwa inategemea chemchemi ileile. Kila alasiri huja na madumu mawili, na kwa kuwa ni mkubwa wa ukoo, hapangi foleni.

"Shikamoo, mjomba," Mwanvita humwambia, akimnyooshea mkono.

"Marahaba, mama. Inamisha kidole kidogo, yasinirukie viatu."

Mwanvita hukiinamisha.