Nyanya Juu ya Mkate wa Kwanza

Kwetu Salento, kusini mwa Italia, mkate wa kwanza wa mafuta mapya ya zeituni hauwekwi nyanya. Unachomwa kwenye makaa, unasuguliwa kitunguu saumu, unamwagiwa mafuta yaliyokamuliwa siku hiyohiyo, unanyunyiziwa chumvi, basi. Hilo nalijua tangu sijaota meno, na bado Novemba ile nyanya niliziweka.

Ningefanyaje? Baba yangu, Oronzo, alikuwa na miaka miwili kitandani tangu apooze, na dirisha lake linatazama barabara, si shamba. Ugonjwa wa miti ulikuwa umekausha mizeituni yetu yote, hata ile aliyopanda babu yake. Sikuthubutu kumwambia. Kila akiuliza, nilimjibu kwamba inaendelea vizuri. Mwongo mkubwa mimi.

Nikaenda kwa Uccio, mwenye kinu cha kukamulia zeituni, kununua mafuta ya watu wa kaskazini.

"Unamnunulia Oronzo mafuta?" Uccio alicheka. "Atakukamata kabla hajameza, dada."

"Nijazie chupa, acha domo."

Lakini maneno yake yaliniingia. Nilipofika nyumbani nikashusha nyanya za akiba zilizotundikwa jikoni, nikazikatakata, nikazirundika juu ya mkate niliokwisha kuuchoma na kuumwagia mafuta hayo, mpaka usionekane.

Baba aliitazama sahani. "Za nini hizi?"

"Nimekubadilishia ladha tu, Baba."

"Leo? Mkate wa kwanza?" Akaanza kuzisukuma nyanya pembeni kwa kidole cha mkono wake mzima. "Nyanya wanaweka wenye kuficha kitu, Immacolata."

Akauma. Akatafuna polepole.

"Mafuta haya hayachomi kooni," alisema. "Yetu yanachoma."

Nikainamisha kichwa.

"Imebaki miti mingapi?"

"Kula kwanza, Baba."

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Hakuna hata mmoja."

Nilitamani anitukane. Zamani angenirushia sahani, na tungegombana mpaka majirani watoke nje. Badala yake aliurudisha mkate mahali pake na kujifuta kidole kwenye shuka.

"Mwakani usinichomee mkate," alisema, akageuza uso ukutani.

Nilimsihi aonje tena kidogo. Hakugeuka. Nikaipeleka sahani jikoni, na kwa kuwa kwetu mkate hautupwi, nikaula mwenyewe nikiwa nimesimama, pamoja na nyanya zake. Ulikuwa mtamu sana, na nilijichukia kwa kila tonge.