Rangi ya Tumbo la Ndege

"Si hiyo," mama akasema.

Binti yake, Fundi Meno, alikuwa ameinama mezani, brashi mkononi, pumzi ameibana. Nusu ya tumbo la ndege ndogo ya plastiki ilikuwa imeshapakwa kijivu. Tone la rangi likadondokea gazetini.

"Si hiyo nini, mama?"

"Rangi. Siyo hiyo."

Kabla hajageuka vizuri, mama alishaondoka. Ndala zake zikasikika koridoni, zikavuka jikoni, kisha mlango wa uani ukajibamiza.

Fundi akabaki ametumbua macho. Wiki tatu nzima mama hakuwa ameingia chumba kile. Tangu boksi la vipande vya ndege lifike nyumbani, bibi kizee yule alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Kiti chake alikitoa sebuleni akakipeleka uani, nyuma kabisa, karibu na bomba. Akifagia asubuhi, alifagia tena saa sita. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Akiulizwa ana nini, alisema gundi ya Fundi inamuumiza kichwa, na Fundi akafungua madirisha yote, akaona amemaliza tatizo.

Jina la Fundi Meno alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akitengeneza meno bandia katika chumba kidogo nyuma ya zahanati, na sifa yake kubwa ilikuwa rangi. Jino lake ukilitia kinywani mwa mtu, mkewe mwenyewe asingeweza kulitofautisha na yale aliyozaliwa nayo. "Hakuna jino jeupe duniani," alipenda kusema. "Kuna la manjano, kuna la kijivu, kuna lenye ubuluu ukingoni. Anayetaka meupe akanunue vigae." Kubahatisha rangi kulimkera kama mchanga kwenye wali.

Ndege zilikuwa starehe yake. Alianza kuziunda miaka mingi nyuma ili kuipumzisha mikono, na sasa sita zilikuwa juu ya kabati la zahanati, zikipaa juu ya taya za plasta. Huko ndiko mkutubi wa maktaba ya mji alikoziona, siku aliyokwenda kupimwa meno ya mbele. Alikuwa ameachamisha mdomo, hawezi kusema neno, basi akanyoosha kidole juu ya kabati na kuguna. Mdomo ulipofungwa akaeleza. Maktaba ilikuwa inaandaa kona ya kumbukumbu za vita, na alitaka ndege ile ya kivita, yenye pangaboi moja puani, iliyokuwa ikilinda anga la mji. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Picha zilikuwepo, tena nyingi, ila zote nyeusi na nyeupe, na hakuna aliyejua tumbo lake lilikuwa na rangi gani.

Leo ilikuwa Alhamisi. Tumbo lilikuwa limepakwa mara tatu na kukwanguliwa mara mbili.

Akamfuata mama. Alimkuta kwenye kamba akianua nguo, nyingine zikiwa bado mbichi.

"Mama, uliiona?"

"Niliona nini?"

"Ile ndege. Wakati wa vita."

"Nani hakuiona? Ilikuwa inapita kila siku kama nzi."

"Na chini ilikuwa na rangi gani? Umesema si kijivu."

"Nimesema?" Mama akajikausha. "Nilikuwa najisemesha mwenyewe. Shika hili shuka."

Wakalikunja pamoja, kila mmoja na pembe zake, wakirudi nyuma na kusogea mbele mpaka mikono ikakutana. Ya mama ilikuwa inatetemeka.

"Mikono yako, mama."

"Uzee huo. Hujawahi kuona uzee?"

"Sijauona kwenye ulimi wako."

Siku nyingine mama angecheka, amrushie foronya. Safari hii alilichukua shuka, akaingia nalo ndani, akalitandika juu ya kitanda kilichokuwa kimeshatandikwa.

Fundi akarudi mezani na kuikwangua rangi ya kijivu kwa msasa laini, taratibu, mpaka plastiki ikaonekana tena.

Ijumaa kazini hakuna kilichokaa. Aliyeyusha nta ikamchoma kidole. Alipanga jino la kushoto upande wa kulia na hakugundua mpaka taya nzima iliponuna, ikakataa kufumba. Saa nne mkutubi akapiga simu.

"Fundi, nimeshafunga uzi kwenye dari. Tutaining'iniza katikati ya ukumbi."

"Itaning'inia? Nilidhani ni kwenye meza."

"Kwani ndege hutazamwa wapi? Watu watasimama chini yake."

"Kwa hiyo watakachoona ni tumbo."

"Tumbo tupu!" mkutubi akasema kwa furaha. "Umeshamaliza, si ndiyo?"

"Imebaki kidogo," Fundi akasema, na jasho likamtoka kwa ule uongo.

Saa sita akaomba ruhusa. Njiani kila kitu kilimpigia kelele kwa rangi yake. Geti la buluu. Ndoo ya buluu mlangoni mwa muuza maji. Shati la mpita njia lililopaushwa na jua mpaka likawa si buluu wala si jeupe. Alisimama akalikodolea macho hadi mwenye shati akajipapasa, akidhani amechafuka. Si hiyo, si hiyo, si hiyo. Sauti ya mama ilikuwa inatembea naye sako kwa bako.

Alipofungua mlango alimkuta mama ameketi kwenye kiti cha Fundi, kwenye meza ya rangi. Ndege ilikuwa mbele yake juu ya taulo, tumbo juu, kama alivyoiacha. Mama alikuwa ameibana mikono katikati ya magoti, mfano wa mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

"Niletee rangi zako," akasema.

Fundi alileta kigae cheupe cha kuchanganyia, akatonesha matone kumi na moja kwa mstari, kuanzia maziwa hadi moshi, kutoka moshi hadi buluu. Kazini alifanya hivi na wagonjwa kila siku. "Usifikirie sana," akasema kwa sauti yake ya zahanati. "Tazama tu. Itakayokushtua, iguse."

Kidole cha mama kikapita juu ya nyeupe bila kusimama. Kikapita kijivu. Kikafika kwenye buluu yenye ukijani kwa mbali, kikaganda.

"Hii. Iongeze nyeupe kidogo. Kidogo tena. Basi."

"Una hakika?"

"Ilifanana na mbingu. Ndiyo ulikuwa ujanja wake. Hukuiona mpaka iko juu ya utosi." Akafuta kidole kwenye taulo. "Niliona hata misumari yake."

Fundi akavuta kigoda akakaa. Alijua kuwa mama alikuwa na dada aliyekufa wakati wa vita. Alijua hivyo tu. Picha haikuwepo, na kila alipouliza utotoni aliambiwa akaoshe vyombo.

"Tulikuwa tunatoka kufua mtoni," mama akaanza, macho kwenye kigae. "Mimi na dada. Mimi miaka saba, yeye kumi na minne. Tulikuwa tumeambiwa hizi ni ndege zetu, msiziogope, wapungieni mkono wale vijana wanaozirusha. Ikatokea mbele yetu juu ya barabara. Mimi nikachomoa gauni jeupe la dada kwenye beseni, nikalipunga. Hivi." Mkono ukainuka nusu, ukashuka. "Ikapita juu yetu. Ikaenda mpaka kule kilimani, ikageuka, ikarudi. Nikafurahi, mwanangu. Nikasema, ameniona, amerudi kunisalimia."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati. Akaacha.

"Ikaipiga barabara risasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakubwa walisema baadaye ni makosa, walidhani kuna magari ya maadui. Mimi sikusema kitu. Nilijua nani aliyeiita."

"Mama."

"Miaka sabini na moja. Hata baba yako sikumwambia."

Fundi hakujua aiweke wapi mikono yake. Akaishika ndege, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, na ilipokuwa kiganjani mikono ikakumbuka kitu kabla ya kichwa. Ikakumbuka siku mbili za kumkalisha rubani mdogo wa plastiki, mrefu kama punje ya mchele, kwenye shimo lake. Kiti kilikuwa chini mno, na kila alipombandika, kichwa tu ndicho kilichochungulia. Kioo cha kumfunika kilikuwa bado hakijabandikwa.

Akaigeuza ndege ikakaa sawa. "Mama, fumba jicho moja. Weka jingine hapa, nyuma ya kichwa chake. Unaona nini?"

"Sioni vizuri."

"Sogea. Haya, tazama chini."

Mama akasogea mpaka kope zikagusa plastiki. "Bawa."

"Na upande huu?"

"Bawa vilevile."

"Meza unaiona?"

"Siioni."

"Na mbele?"

"Pua imeziba."

"Wewe ulikuwa wapi ilipopita?"

"Chini yake kabisa. Nimekwambia nililiona tumbo."

"Basi kama uliliona tumbo," Fundi akasema, "yeye hakukuona wewe. Hawezi. Bawa liko katikati yenu."

Mama akainua kichwa. Akaichukua ndege kutoka mikononi mwa binti yake. Akailaza upande, bawa moja likaelekea dari na jingine meza. Akaweka jicho tena.

"Na ilipogeuka kule kilimani? Ililala hivi."

Fundi alikuwa ameomba kimoyomoyo asiulize hilo. Angeweza kusema lolote; mama asingejua. Lakini miaka ishirini na mbili hakuwa amempa mtu jino lisilokuwa lake.

"Ikilala hivyo, anaona," akasema. "Anaona kila kitu upande huo."

"Meza yote naiona," mama akakubali, polepole.

"Wakati inageuka, ulikuwa bado unapunga?"

Mama aliendelea kuishika ndege ikiwa imelala, na jicho lake lilikuwa limetoka kwenye plastiki, linatazama ukutani ambako hakukuwa na kitu. Midomo ilitikisika kama inahesabu hatua.

"Hapana," akasema mwisho. "Hapana, ngoja. Dada aliliwahi. Alininyang'anya. Akaniambia, 'Wewe mtoto, hilo gauni langu, unalifagilia barabara!' Akanifinya sikio. Akalirudisha kwenye beseni, akaweka shuka juu yake." Akajishika sikio. "Alikuwa na kucha, yule! Alinifinya hasa."

Akacheka, kicheko kifupi kilichokatikia njiani. Halafu uso wake wote ukalegea, na Fundi akasogeza kigoda, akamkumbatia pale pale kitini, ndege ikiwa imebanwa katikati yao, bawa likimchoma ubavuni.

"Au labda ndivyo ninavyotaka iwe," mama akasema begani kwake. "Hata sijui tena, mwanangu."

"Hata mimi sijui, mama."

Walipaka rangi mchana ule. Mama aliketi karibu, hatulii, kila dakika anainuka kutazama kwa pembe nyingine. "Pale umeacha." "Sijaacha, ni kivuli." "Kivuli gani, mimi naona plastiki." Jua lilipoelekea dirishani buluu ile ikaanza kufanya kazi yake: ukiinua ndege ukaitazama dhidi ya anga, kingo zikapotea, na ilibidi uitafute.

Jumamosi saa nne ukumbi wa maktaba ulikuwa umejaa. Mkutubi, meno yake mapya yakitangulia kila mahali, alipanda ngazi akaifunga ndege kwenye uzi. Ikazunguka mara mbili, ikatulia. Watu wakainua shingo.

"Shikamoo mama," mkutubi akasema aliposhuka. "Binti yako ni hatari! Nasikia rangi umeichagua wewe."

"Marahaba, baba. Pale ukutani pameandikwa nini? Sikuja na miwani."

Mkutubi akasoma kadi iliyochapwa na kutiwa fremu. Ilisema ndege hii ililinda mji wetu katika miaka ya vita, na hakuna mkazi aliyeguswa.

Fundi akamshika mama mkono, tayari kumtoa nje. Mama akauondoa mkono wake taratibu.

"Una kalamu?"

"Ninayo, mama. Ya nini?"

"Kuna mmoja. Ilimuua ndege hiyo hiyo. Dada yangu."

Mkutubi akatazama kadi, akatazama fremu, akamtazama Fundi. Tabasamu likarudi ndani. Watu wawili watatu waliokuwa karibu waliacha kutazama juu. Halafu akafanya jambo ambalo Fundi hakulitegemea: aliishusha fremu ukutani, akaifungua kwa nyuma, akaitoa kadi. Akaiweka juu ya meza ya kuazimia vitabu na kuilainisha kwa kiganja.

"Nafasi ni ndogo," akasema kwa sauti ya chini. "Imebaki pembeni tu."

"Inatosha. Andika, alikuwa na miaka kumi na minne."

Akaandika. Kalamu ilikwaruza.

"Niandike alikuwa anafanya nini?"

Mama aliivuta ile kadi kwake kidogo, kama mtu anayetaka kuona vizuri, ingawa bila miwani hakuwa anaona herufi hata moja.

"Alikuwa ananigombeza," akasema. "Andika hivyo."

Na mkutubi, kalamu imesimama juu ya ukingo mweupe, akawa anatafuta namna ya kuandika herufi ndogo ili maneno hayo yaenee.