Mtori wa Sura ya Nne

Zita alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Moshi mjini. Aliandika riwaya kwa miaka sita, na mchapishaji wa Dar es Salaam akaikubali. Kabla ya kurudisha masahihisho ya mwisho, aliipeleka kijijini kwao, Kirua Vunjo, ili mama yake, Epifania, aisome.

Katika sura ya nne, mwanamke anajifungua mtoto mfu, anarudi kwa mama yake. Wiki mbili anapewa uji na chai ya rangi. Mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama anaopikiwa kila mzazi aliyetoka kujifungua, haupikwi hata siku moja. Mwanamke anaelewa kwamba machoni pa mama yake yeye si mzazi.

Kisa kilikuwa chake Zita mwenyewe, cha miaka kumi na moja iliyopita.

Epifania alisoma siku tatu. Jumapili, baada ya misa, Zita akafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Hapa umekosea."

"Wapi?"

"Unaposema sikupika."

Zita alitaka kujibu kwamba ile ni hadithi tu.

"Nilipika," Epifania alisema. "Nilikata mkungu wa ndizi za mshare, nikanunua nyama ya mifupa. Wewe umelala. Nikaonja, chumvi imekolea. Ndipo nikawaza: mtori ni wa kuleta maziwa. Nikimpa, maziwa yatoke anyonye nani? Nikaumwaga kule migombani. Kesho yake nikapika tena."

"Ukaumwaga?"

"Nikaumwaga. Mpaka baba yako akauliza ndizi zinakwenda wapi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Na wewe hukuuliza."

Zita alilia, si kwa muda mrefu. Mama yake hakumshika. Alisogeza kigoda karibu, akakaa hapo mpaka kilio kikaisha, kisha wakazungumza habari za kahawa.

Wiki hiyo Zita aliiandika sura upya. Mama anapika, anaonja, anamwaga. Binti amelala, hajui lolote. Mhariri akapiga simu.

"Ile ya kwanza ilikuwa na makali zaidi, mwalimu. Msomaji alikuwa anamchukia yule mama."

"Najua. Hata mimi nilimchukia."

"Sasa?"

"Chapeni hii."

Walivutana, na kitabu kikachelewa miezi minne. Kilipotoka, Zita alimpelekea mama yake nakala. Epifania alitazama jalada, akalisifu, akafungua kurasa za katikati, akaipita sura ya nne na kuanza kusoma ya tano.